Tetesi za chipu mpya zimenifunga mikono: nisubiri au ninunue?

Shikamoo Fundi,

Naomba unisaidie kukata shauri. Kompyuta yangu ina prosesa ya Ryzen 5 3600, ubao mama wa B450, RAM ya DDR4 GB 16 (vipande viwili vya GB 8), kadi ya michoro ya GTX 1660 Super yenye GB 6, na pawa saplai ya wati 550. Kazi yake kubwa ni kuhariri video za 4K kwenye DaVinci Resolve. Mara chache natengeneza michoro ya pande tatu kwa Blender, na usiku nacheza gemu.

Tatizo langu ni kwamba mradi ukiwa na rangi nyingi na tabaka tatu au nne, Resolve inaganda na kuleta ujumbe kuwa kumbukumbu ya GPU, yaani ya kadi ya michoro, imejaa. Fedha ya kununua ninayo. Ninachokosa ni uamuzi, maana kila nikitaka kununua natokewa na tetesi mpya. Zilizonishika sasa hivi ni nne. Kwanza, kwamba Nvidia itatoa RTX 5070 Super yenye GB 18 na RTX 5080 Super yenye GB 24. Pili, kwamba prosesa za Zen 6 za AMD zitakuwa na viini 12 katika kila kipande cha silikoni badala ya 8. Tatu, kwamba Nova Lake ya Intel itafika viini 52 na itakuja na soketi mpya (tundu la prosesa kwenye ubao mama). Nne, kuna picha ya matokeo ya Geekbench, ile programu ya kupima kasi, ya chipu isiyo na jina inayopita kila kitu kilichopo sokoni.

Rafiki yangu mmoja ananiambia kununua leo ni kutupa pesa. Mwingine anasema tetesi zote ni uzushi wa watu wanaotafuta kusomwa. Mimi mwaka mzima sasa nasubiri na kazi zangu zinachelewa.

Nitajuaje tetesi ya kuiamini? Nisubiri au nisisubiri? Na kama nitanunua sasa, nianze na nini kisije kikagoma kwenye ubao wangu wa zamani?

Msomaji aliyechoka kusubiri

*

Marahaba, mwanangu.

Usisubiri. Kati ya tetesi nne ulizozitaja, hakuna unayolazimika kuisubiri ili kutibu ugonjwa wa kompyuta yako, na mbili zinahusu prosesa ambazo hazitaingia kabisa kwenye soketi ya B450. Mpangilio wa kununua nimeuweka huko chini. Ila swali lako la kwanza nataka nilijibu kwa kirefu, kwa sababu hata ukinunua leo, mwakani tetesi zitakufuata tena.

Rafiki zako wote wawili wamekosea. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kwenye chipu, lisemwalo mara nyingi lipo kweli, lakini likifika sokoni limeshabadilika jina, kasi au kiwango cha umeme. Hiyo haimaanishi kwamba aliyelisema alidanganya. Chipu haiamuliwi kwa siku moja. Muundo wa silikoni yenyewe, yaani idadi ya viini na upana wa njia ya kumbukumbu, hufungwa mapema sana, kwa sababu kuubadilisha ni kurudi kiwandani upya. Kiasi cha kumbukumbu kinaweza kubadilika baada ya hapo. Kasi na wati huchezewa mpaka miezi ya mwisho, sampuli zinapopimwa. Jina na bei ndivyo vya mwisho kabisa.

Tazama RTX 4090. Mwaka 2022 tetesi zilisema kadi hiyo itakula wati 600. Ilipotoka Oktoba 2022 ilikuwa ya wati 450. Lakini ile 600 haikuokotwa hewani: vipoza vyake vilitengenezwa vikiwa na uwezo wa kubeba mzigo huo, ndiyo maana vilikuwa vikubwa kupindukia, na baadhi ya kadi zinaruhusu mtumiaji kupandisha kikomo hadi hapo. Tetesi ilishika kikomo cha usanifu, wasomaji wakakichukua kama matumizi ya kila siku. Kosa la namna hiyo linajirudia kwenye idadi ya viini. Chipu ya AD102 iliyomo ndani ya 4090 ina vitalu 144 vya kukokotoa, na namba hiyo ilivuja ikiwa sahihi, ila kadi iliyouzwa ilifunguliwa vitalu 128 tu. Kwenye RTX 5090, chipu kamili ina vitalu 192 na kadi ilipewa 170. Ukisoma tetesi ya vitalu, jiulize kama inazungumzia chipu nzima au kadi utakayoishika mkononi. Karibu kila mara ni chipu nzima.

Majina ndiyo usiyaamini kabisa. Kwa miezi mingi kadi ya AMD iliyokuwa njiani iliitwa RX 8800 XT kila ulikosoma, na Machi 2025 ikaingia sokoni kwa jina la RX 9070 XT. Nvidia nayo ilitangaza rasmi RTX 4080 ya GB 12 mnamo Septemba 2022, ikaiondoa Oktoba kabla haijauzwa, na Januari 2023 chipu ileile ikarudi ikiitwa RTX 4070 Ti. Kama tangazo rasmi linaweza kufutwa, jina lililovuja tusilijengee chochote.

Kuhusu kasi, tetesi huvutwa juu. Kabla ya Ryzen 3000 za AMD kutoka mwaka 2019 ilivuma kwamba kutakuwa na prosesa ya viini 16 inayopita GHz 5. Viini 16 vilikuja kweli kwenye Ryzen 9 3950X, lakini kasi yake ya juu ilikuwa GHz 4.7. Kabla ya Zen 5 mwaka 2024 ilivuma kuwa kiini kimoja kitakuwa na kasi zaidi kwa asilimia 40. AMD yenyewe ilipotangaza ilisema wastani wa asilimia 16 katika kasi ileile ya saa. Zen 5 iliongezewa upana wa njia za AVX-512, maagizo ya kukokotoa namba nyingi kwa mpigo, na programu zinazotumia maagizo hayo hupanda sana kuliko nyingine. Kwa hiyo namba moja ya asilimia bila kutajwa programu iliyopimwa haikupi chochote cha kununulia.

Sasa angalia chanzo. Chanzo ninachokiheshimu kuliko vyote ni msimbo wa Linux na zana zake. AMD na Intel hulazimika kuingiza draiva zao mapema ili siku ya kuuza chipu mfumo uwe tayari, na msimbo huo uko wazi kwa kila mtu. Mfano, maelezo ya Zen 5 yaliingizwa kwenye GCC, kikusanyaji (compiler) kinachogeuza msimbo kuwa programu, mnamo Februari 2024, na prosesa zikauzwa Agosti. Humo utaona uwezo wa chipu na maagizo mapya inayoyaelewa, ila hutaona jina la kuuzia wala bei. Kinachofuata kwa uzito ni orodha za prosesa zinazokubaliwa na matoleo mapya ya BIOS, programu ya ubao mama inayowasha kompyuta, kisha nyaraka za usafirishaji wa sampuli, ambazo zinathibitisha kuwa kitu kipo na kinapimwa. Usajili wa majina kwenye Tume ya Uchumi ya Eurasia ni dhaifu zaidi, kwa sababu watengenezaji wa kadi husajili majina mengi kwa tahadhari na mengine hayazaliwi kamwe. Bei inayoonekana dukani kabla ya tangazo mara nyingi ni namba ya kujazia nafasi. Na picha ya skrini isiyo na chanzo iweke mwisho wa foleni.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kuna hesabu moja rahisi inayochuja nusu ya tetesi za kadi za michoro. Kila chipu ya GDDR, kumbukumbu ya kadi za michoro, inachukua biti 32 za njia. Gawanya upana wa njia kwa 32, utapata idadi ya chipu. Zidisha kwa ukubwa wa chipu moja, ambao kwa GDDR7 ni GB 2 au GB 3. Njia ya biti 256 ni chipu 8, hivyo GB 16 au GB 24. Njia ya biti 192 ni chipu 6: GB 12 au GB 18. Biti 128 ni chipu 4: GB 8 au GB 12. Mtengenezaji pia anaweza kubandika chipu pande zote mbili za bodi, mbili zikigawana njia moja, na kiasi kikawa maradufu bila upana kuongezeka. Ndivyo RTX 5060 Ti yenye biti 128 ilivyopata toleo la GB 16.

Basi akikuambia mtu kuna kadi ya biti 256 yenye GB 20, mwulize chipu ngapi za ukubwa gani. Hawezi kujibu, kwa sababu 20 haigawanyiki kwa 8 ikatoa ukubwa unaotengenezwa. Tetesi hiyo ama imekosea upana, ama imekosea kiasi.

Hesabu ya pili ni ya mwendo wa kumbukumbu, yaani data inayopita kwa sekunde. Zidisha upana kwa kasi ya kila biti, kisha gawanya kwa 8. RTX 5070 ina biti 192 na kasi ya Gbps 28, kwa hiyo ni GB 672 kwa sekunde. RTX 5080 ina biti 256 na Gbps 30, yaani GB 960. Tetesi ikikupa mwendo usiolingana na upana wake, aliyeiandika hakupata karatasi halisi, amekisia.

Tuzipitie zako sasa.

GB 18 kwa 5070 Super na GB 24 kwa 5080 Super: hesabu inakubali zote mbili. Chipu 6 za GB 3 ni 18, chipu 8 za GB 3 ni 24. Na chipu hizo za GB 3 si ndoto, zimo kwenye RTX 5090 ya kompyuta mpakato, yenye GB 24 kwa njia ya biti 256. Kwa hiyo tetesi hii inawezekana kiufundi. Lakini hesabu haisemi lini. Tangu mwishoni mwa 2025 kumbukumbu imekuwa adimu na bei zake zimepanda, kwa sababu viwanda vimeelekeza nguvu kwenye vituo vya data vya akili mnemba. Kadi inayotegemea chipu za GB 3 ndiyo ya kwanza kucheleweshwa katika hali hiyo, kwani chipu hizohizo zina mteja anayelipa zaidi. Na hata ikitoka kesho, 5070 ya kawaida inakula wati 250 na Nvidia inapendekeza pawa saplai ya wati 650. Super haitarajiwi kula pungufu. Ungekuwa unasubiri kadi moja na pawa saplai mpya juu yake.

Viini 12 kwa kila kipande kwenye Zen 6: AMD imeahidi rasmi kuendelea na soketi ya AM5 hadi 2027 na zaidi. Wewe uko AM4, soketi ya B450 yako. Ukiitaka Zen 6 utabadilisha prosesa, ubao mama na RAM kwa pamoja, kwa sababu AM5 haikubali DDR4. Huo ni ujenzi wa kompyuta nyingine. Usiuhesabu kama kusubiri prosesa.

Nova Lake: Intel imesema itakuja mwishoni mwa 2026. Ile 52 ya kwenye tetesi imejumlisha viini vya aina tatu: 16 vikubwa, 32 vidogo na 4 vya kuokoa umeme. Kuvijumlisha na kulinganisha na viini 16 vya Ryzen ni sawa na kuhesabu lori na bodaboda pamoja ukasema una magari mengi. Kwa Resolve, ambayo mzigo wake mzito uko kwenye kadi ya michoro, namba hiyo haitakuondolea ule ujumbe.

Picha ya Geekbench, fanya hivi. Tafuta ukurasa wenyewe wa matokeo, usitosheke na picha. Angalia jina la ubao mama: sampuli halisi mara nyingi huonyesha bodi ya majaribio au bodi inayojulikana, na matokeo ya kughushi hupenda kutoka kwenye mashine pepe. Angalia RAM na kasi yake. Ongeza .gb6 mwishoni mwa anwani ya matokeo uone rekodi ya kasi ya prosesa wakati wa jaribio. Kama jina linadai GHz 6 na rekodi inaonyesha GHz 4, umepata jibu. Kisha jua kwamba hata sampuli ya kweli huweza kuwa chini ya bidhaa ya mwisho, kwa kuwa huendeshwa kwa kasi ndogo na BIOS changa. Alama moja ya sampuli haikuambii lolote kuhusu kuganda kwa Resolve.

Na usidhani neno rasmi halihitaji kusomwa kwa makini. Januari 2025 Nvidia ilisema RTX 5070 itatoa utendaji wa RTX 4090. Dai hilo lilitegemea DLSS 4, teknolojia yake ya michoro ya gemu, kutengeneza fremu za ziada kwa akili mnemba. Resolve haina fremu za kubuniwa za namna hiyo, na Blender pia haina. Subiri vipimo vya watu huru vyenye programu unayoitumia.

Kanuni ninayoisimamia ni hii: subiri pale tu kampuni yenyewe imetaja tarehe ya kuuza, na tarehe hiyo iko ndani ya wiki 8. Nje ya hapo, nunua kinachotibu tatizo lako. Hata tarehe ikifika, usikimbilie shehena ya kwanza. Februari 2025 Nvidia ilikiri kwamba baadhi ya RTX 5090 na 5070 Ti zilitoka zikiwa na upungufu wa vitengo vya ROP, vinavyomalizia kuchora picha: 5090 ikionyesha 168 badala ya 176, na 5070 Ti 88 badala ya 96. Waliogundua walitumia GPU-Z, programu ndogo ya bure inayoonyesha namba hizo kwa sekunde chache. Intel nayo ilichukua muda kupata chanzo cha kuyumba kwa prosesa za kizazi cha 13 na 14. Dawa ya volteji iliyozidi ilikuja kwa msimbo mdogo wa prosesa (microcode) wa 0x129 mnamo Agosti 2024, karibu miaka miwili baada ya kizazi cha 13 kuuzwa.

Tuingie kwenye mashine yako.

Kabla ya kununua chochote, pima. Fungua mradi unaokugandisha, bonyeza Ctrl+Shift+Esc, nenda kwenye ukurasa wa utendaji wa Task Manager. Chezesha video na uangalie vitu vitatu: kumbukumbu maalumu ya GPU, RAM na prosesa. Kumbukumbu ya GPU ikigota 5.7 kati ya 6, kadi ndiyo mkosaji. RAM ikiwa juu ya asilimia 90, nayo ni mshiriki. Prosesa ikigota 100 huku kadi imepumzika, basi faili zako za video ndizo zinazoitesa, hasa kama kamera inarekodi H.265 ya 4:2:2, video iliyobanwa lakini yenye taarifa nyingi zaidi za rangi. GTX 1660 Super haifungui aina hiyo kwa maunzi, hivyo mzigo wote unaangukia viini 6 vya 3600. Kwa ujumbe ulionitajia, natarajia utakuta la kwanza na la pili.

Wakati unapanga ununuzi, kuna nafuu ya leo hii isiyo na gharama. Shusha ubora wa ratiba ya mradi (timeline) hadi 1920 kwa 1080 wakati wa kuhariri, urudishe 4K wakati wa kutoa video. Tengeneza pia nakala nyepesi za video, zile proksi, kwa nusu au robo ya ukubwa. Kupunguza ubora wa ratiba kunapunguza kumbukumbu ya GPU papo hapo.

Ununuzi wa kwanza ni RAM, kwa sababu bei yake inapanda na B450 yako inaitumia bila maswali. Chukua seti moja ya vipande viwili vya GB 16, DDR4-3200, na uvitoe vile vya zamani. Kuchanganya vipande vinne vya seti mbili tofauti kwenye Ryzen 3000 kunaweza kukubali leo na kuleta skrini ya bluu wiki ijayo. Ukilazimika kuchanganya, shusha kasi hadi 2933. Vipande viwili viweke kwenye nafasi ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa, kisha washa XMP, mpangilio wa kasi kamili ya RAM, kwenye BIOS. Bila XMP itakimbia 2133 au 2400 na utadhani umeuziwa feki.

Pili, BIOS. Soma jina kamili la ubao na namba ya toleo iliyochapwa juu yake, maana B450 mbili zenye jina linalofanana zinaweza kuwa na faili tofauti. Pakua toleo jipya, lifungue, liweke kwenye flashi ya FAT32, na soma kama mtengenezaji anadai upitie toleo la kati kwanza. Kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, hifadhi ufunguo wake wa dharura kabla, kwani kusasisha BIOS au kubadilisha prosesa kunaweza kufuta siri za TPM (kihifadhi cha funguo za usalama) na Windows ikakuuliza ufunguo usio nao. Umeme usikatike katikati, tumia UPS. Ikimaliza, rudisha mipangilio ya msingi, zima CSM (hali ya kuwasha mifumo ya zamani), washa Above 4G Decoding na Resizable BAR, zinazoiwezesha prosesa kufikia kumbukumbu yote ya kadi. Kabla ya kuzima CSM hakikisha diski ya mfumo iko kwenye GPT, mpangilio mpya wa kugawa diski, si MBR ya zamani: fungua Command Prompt kama msimamizi, andika mbr2gpt /validate /allowFullOS, na usibadilishe chochote kabla ya kunakili data yako kwingine. Ukizima CSM na diski bado ni MBR, kompyuta haitawaka kwenye Windows. Haijafa, washa CSM tena.

Tatu, kadi. Kwa Resolve na Blender ningechukua RTX 5060 Ti, ile ya GB 16. Narudia GB 16, kwa sababu kuna ya GB 8 yenye jina lilelile na sanduku linalofanana. Sababu zangu ni mbili: Blender inaenda vizuri zaidi na OptiX, teknolojia ya Nvidia ya kuchora pande tatu, na mfululizo wa RTX 50 ndio wa kwanza wa GeForce unaofungua video za 4:2:2 kwa maunzi. Angalia tu kama toleo lako la Resolve linaruhusu, kwa kuwa la bure lina mipaka kwenye video za aina hiyo. Kasoro ya kadi hii ni kwamba inatumia njia 8 za PCIe, barabara ya data kati ya kadi na ubao, na B450 ni PCIe 3.0. Kwa GB 16 hasara ni ndogo, maana data inakaa ndani ya kadi. Kwa GB 8 ingekuwa balaa: kumbukumbu ikijaa, data inamwagikia kwenye RAM kupitia njia nyembamba. Kama gemu zingekuwa ndiyo kazi yako kubwa, RX 9060 XT ya GB 16 inatumia njia 16 na ingekufaa zaidi. Intel Arc B580, yenye GB 12, iache kwa mashine hii. Inaitegemea mno prosesa, na ikiwa na Ryzen 5 3600 inapoteza sehemu kubwa ya nguvu yake kwenye gemu.

Umeme: kadi wati 180, prosesa chini ya 90, vingine vyote tuseme 60. Jumla 330. Pawa saplai ya 550 iliyo nzima inatosha. Nyingi ya kadi hizi huchukua plagi moja ya pini 8, lakini soma ya unayoinunua. Kama ina plagi mpya ya pini 12 na 4, isukume mpaka mwisho bila pengo, na usiukunje waya karibu na plagi. Plagi iliyoingia nusu ndiyo iliyoyeyusha baadhi ya RTX 4090.

Prosesa iache ya mwisho, na uinunue tu kama kipimo kitaonyesha 3600 inagota 100 hata baada ya kadi mpya. Chaguo ni Ryzen 7 5700X: viini 8, wati 65, haiupi ubao wa B450 mzigo usiouweza. Haiji na kipoza, kwa hiyo panga hilo. Wakati wa kuitoa 3600, endesha kompyuta dakika 10 kwanza ili mafuta ya joto (thermal paste) kati ya prosesa na kipoza yalainike, izime na uchomoe waya wa umeme, kisha zungusha kipoza taratibu kushoto na kulia kabla ya kukiinua. Soketi ya AM4 haina kifuniko cha kushikilia prosesa; ukivuta kipoza moja kwa moja kinaweza kung'oa prosesa ikiwa imefungwa, na pini zikapinda.

Ukimaliza kupima, niandikie kiasi cha kumbukumbu ya GPU na cha RAM wakati mradi unaganda, na aina ya faili ambazo kamera yako inarekodi. Kama ni 4:2:2 na prosesa ndiyo inayogota, nitakubadilishia mpangilio: kadi itatangulia RAM.

Fundi